Ukili wa Maneno

Nilipofika Pangani kwa mara ya kwanza, kijana wa bara mwenye barua ya kazi mfukoni, nilikuwa nikiamini pasi na shaka kwamba Kiswahili nimekwisha kukijua. Nilikuwa nimekisoma shuleni miaka minane, nimekitungia insha zilizosifiwa mbele ya darasa, na kanuni za ngeli zake nilikuwa nimezihifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu ya amma. Mtu angeniamsha usiku wa manane akaniuliza wingi wa ufunguo, ningemjibu kabla sijafumbua macho. Nilipanga chumba katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na kibarazani mwa nyumba ile alikuwa akikaa kila siku, tangu jua la asubuhi hata adhuhuri, na tena baada ya alasiri, bibi mmoja mkongwe aliyekuwa akisuka ukili. Siku ya pili nilirejea kutoka kazini nimelowa chepechepe. Nikamwamkia, akaniitikia, kisha nikamwambia, kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu asingekitia wino mwekundu hata mahali pamoja, "Bibi, mvua imenyesha juu yangu njiani." Akanitazama, vidole vimesimama juu ya ukindu, akasema kwa upole, "Umenyeshewa, mjukuu wangu. Pole."

Siku chache baadaye aliniuliza habari za wazee wangu, nami nikamjibu kwamba mama yu hai na baba yangu alikufa mwaka uliopita. Bibi akaweka ukili wake chini, akanyosha mkono akanipa, akasema, "Kumbe umefiwa!" Nilikuwa nikilijua neno lile, nilikuwa nimelisoma katika orodha ya vitenzi, baina ya kuibiwa na kuletewa, nikalikariri na kulipita. Lakini haikunijia hata mara moja kwamba neno hilo laweza kunihusu mimi, kwa kuwa siku zote nilipoeleza msiba wangu nilikuwa nikisimulia habari za marehemu, alikufa lini na kwa maradhi gani, ilhali bibi yule, kwa neno moja, alimwacha marehemu alale kaburini mwake kwa amani akamgeukia aliyebaki. Nakumbuka kwamba sikuweza kumjibu. Tangu msiba ule unipate, watu wengi walikuwa wamenipa pole, na wote niliwashukuru, walakini huyu ndiye wa kwanza aliyeniambia jambo lililonifika mimi.

Nimelitafakari neno hilo miaka mingi, na kila nikilitafakari naona ndani yake mlango ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kubisha hodi. Kiswahili hupenda kumweka mbele mtu aliyefikwa na jambo, hata likiwa ni jambo lisilokuwa na mtendaji wa kulaumiwa. Mvua hunyesha, mtu akanyeshewa. Mauti humchukua mzee, wanawe wakafiwa. Jua huchwa njiani, msafiri akachwelewa. Na kukimkuchea mtu angali amelala, huyo amechelewa. Wengi wetu tusemao "nimechelewa" kila siku ya Mungu hatukumbuki tena kwamba ndani ya neno hilo mna kucha kwa alfajiri, na kwamba mchelewaji wa asili ni yule aliyetokewa na jua kitandani. Huu ni urithi wa Kibantu, wala si mali yetu peke yetu: Wazulu, walio mbali nasi mwendo wa siku nyingi, nao humsema mfiwa kwa neno lao ukufelwa, lililo ndugu dhahiri wa kufiwa kwetu. Mtu aliyezaliwa ndani ya mazoea haya hahitaji kuyafikiri. Aliyejifunza kitabuni, kama nilivyokuwa mimi, huzunguka nje ya nyumba akitafuta dirisha, hali mlango u wazi.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulieleza katika makala hii, nalo ni kwamba sentensi yaweza kuwa sahihi kwa sarufi, kila kiambishi kikawa mahali pake, na bado isiwe Kiswahili. Waarabu, ambao kwao tumepata istilahi nyingi za elimu hii, na hata neno lugha lenyewe, wana fani mbili katika elimu ya kanuni za maneno: sarf, inayochunguza jinsi neno linavyogeuzwa umbo, na nahw, inayochunguza jinsi maneno yanavyopangwa na kutawalana katika sentensi. Sisi tulizichukua zote mbili. Sarufi tukaifanya jina la kanuni zote kwa jumla. Na nahau, ingawa wako waandishi walioitumia kwa maana ile ile ya sarufi, imekwenda ikahamia mahali pengine kabisa, hata leo aghalabu ni jina la fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya neno moja moja, kama tunaposema kwamba fulani amevikwa kilemba cha ukoka, na wala hapana kilemba wala ukoka, bali sifa za uongo tu. Naona uhamisho huo ulikuwa na busara yake. Ni kama kwamba Waswahili, wakiwa na majina mawili ya kanuni, walilitoa moja wakalipa kanuni ile isiyoandikwa popote, ambayo mtu huijua kwa kuishi na watu.

Na kanuni hiyo haikai katika mafumbo na methali tu, kama wengi wanavyodhani. Wanaotaka kukipamba Kiswahili chao hukimbilia methali, wakazimimina katika hotuba kama mtu atiaye pilipili manga katika kila chakula, na huku sentensi zilizobaki ni za kigeni mwanzo hata mwisho. Makao makubwa ya ufasaha ni katika vitu vidogo visivyoonekana. Mathalani, Mswahili hupata habari za mwili na moyo wake kwa macho na masikio: huona baridi, huona haya, huona uchungu, huona fahari; husikia harufu, husikia maumivu, na wengine husikia njaa, ingawa njaa ikizidi haisikiwi tena, huuma. Siku hizi kitenzi kuhisi, ambacho zamani kilitosha kwa kudhani na kushuku na kutambua jambo lililofichika, kimetwishwa mzigo wote huu, hata nasikia watu wakisema, "Ninahisi furaha." Mtu wa zamani aliyefurahi alisema, "Nimefurahi." Na katika "nimefurahi" mna siri nyingine, kwani hali ya mtu kwetu husemwa kama jambo lililokwisha kutendeka na athari yake ingalipo: nimechoka, nimeshiba, amelala, amesimama, amevaa kanzu. Mwanafunzi akiulizwa mtoto yuko wapi akajibu "analala," watu watamwelewa; lakini mama wa mtoto, akichungulia chumbani na kurudi akinyata, husema "amelala," na katika neno hilo mna pumzi ya mtu aliyekwisha kupata nafasi ya kukaa kitako.

Niliwahi kumwuliza bibi yule kwa nini tunasema kupiga pasi, kupiga hodi, kupiga magoti, kupiga mbizi, kupiga makasia, kupiga ramli na kupiga chafya, na katika vitu hivyo vyote hapana hata kimoja kinachopigwa kama ngoma ipigwavyo. Hakuniona mjinga kwa kuuliza. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza yeye, "Wewe unapopiga magoti, unayaweka tu?" Sikulijibu swali lile wakati huo, lakini nimekuja kuamini kwamba jibu lake limo ndani yake: kupiga ni kutenda kwa mara moja, kwa nguvu ya mwili au kwa mkato wa sauti, jambo lenye mwanzo wake na mwisho wake. Vivyo hivyo katika kula. Mtu hula kiapo, hula yamini, hula hasara. Na aliyeishi siku nyingi husemwa kwamba amekula chumvi nyingi. Vitu hivyo vyote humwingia mtu visitoke tena. Sidai kwamba hiyo ni kanuni, kwa kuwa chafya hupigwa na kikohozi hakipigwi, mtu hukohoa tu, na atakayetaka sababu atachoka kabla hajaipata. Lakini upo mwelekeo, kama ulivyopo mkondo chini ya maji yaliyotulia, na mwenye lugha huusikia miguuni. Ndiyo maana siku ule waya wa kuchukua maneno ulipofika katika nchi zetu, ukaitwa simu, ambalo ni neno la Waajemi lenye maana ya waya, watu hawakungoja wataalamu wakutane ili kuamua kitenzi chake. Simu ilipigwa, kama hodi ipigwavyo mlangoni. Kitu kigeni kiliingia kwa mlango wa zamani, na siku hizi hapana akionaye kuwa ni kigeni.

Vitu vya mahali ndivyo vinavyozaa maneno haya, na asiyeviona vitu hupata taabu kuyashika maneno. Sisi watu wa bara tulikuwa na neno moja, nazi, na pengine dafu. Pangani nikajifunza kwamba tunda la mnazi hubadilika jina kadiri linavyokua, kuanzia kidaka likiwa changa, likawa kitale, likawa dafu lenye maji matamu, likawa koroma, ndipo likakomaa likawa nazi. Na nazi nayo ikikunwa na kukamuliwa hutoa tui, na kinachobaki ni chicha. Nilimwona kijana mmoja akifua nazi juu ya kifuo, yaani chuma kilichochongoka na kusimikwa ardhini: aliipiga nazi juu ya ncha, akaikaza, akaipindua, kumbi likabanduka pande kwa pande, na hesabu yangu ilikuwa haijafika kumi alipoitupa nyeupe na safi juu ya chungu ya wenzake. Nilipojaribu mimi, nilitoka jasho bure. Hapo nikaelewa mara moja, mkononi na si kichwani, kwa nini watu husema ya mtu aliyeshindwa kabisa mbele ya mwenzake kwamba "hafui dafu": hata dafu, lisilokuwa bado na ugumu wa nazi, limemshinda. Nilikuwa nimelitumia neno hilo katika insha zangu zote, nikidhani kwamba kufua ni kufua nguo.

Bahari nayo imetoa zaidi ya inavyoshukuriwa. Chombo kikiyumba huku na huku kwa mawimbi husemwa kwamba kinakwenda mrama, na mambo ya mtu yakienda vibaya nayo yamekwenda mrama. Nahodha akikabiliwa na upepo wa mbele hubisha, yaani hukipeleka chombo mshazari upande huu, akakigeuza upande huu, ili apate kusonga mbele juu ya ukaidi wa upepo. Na mtu akikataa kauli ya mwenzake akaikabili kwa hoja, naye amebisha. Tiara la watoto likikatika uzi huchukuliwa na upepo arijojo, na kijana asiye na wa kumwongoza naye huenda arijojo. Mwandishi wa habari huandika kutoka Dodoma, ambako bahari haionekani hata kutoka juu ya kilima, kwamba mkutano umeng'oa nanga, na msomaji wa Tabora asiyewahi kuiona nanga hapati shida. Hivyo ndivyo lugha ya kisiwani na mwambaoni ilivyosafiri na mizigo ya misafara mpaka Ujiji na ng'ambo ya ziwa, ikayachukua matanga na makasia yake mahali pasipokuwa na chombo.

Lakini kama ningeulizwa nitaje maneno ambayo kwayo mzaliwa wa lugha hujulikana upesi kuliko yote, nisingetaja haya yenye picha. Ningetaja mbona, kumbe, kwani, basi, haya, hebu. Ni maneno mafupi, na kamusi huyaeleza kwa shida, kwa kuwa maana yake si kitu wala kitendo, bali ni jinsi moyo wa msemaji ulivyoelekea wakati anaponena. Mtoto amerudi kutoka shule kabla ya wakati, na mama yake yuko jikoni. Akimwuliza, "Kwa nini umerudi mapema?" amefanya kazi ya kadhi: anataka sababu, na sababu itapimwa. Akisema, "Mbona umerudi mapema?" amekwisha kuonyesha kwamba hakulitazamia jambo hilo, kwamba limemshtua, na pengine mkono wake umekwisha kwenda kwenye paji la mtoto kutazama kama ana homa. Tofauti ya maneno mawili hayo nilifundishwa shuleni kuwa ni ndogo. Nimesoma hekaya ndefu zilizotafsiriwa, ambamo watu hushangaa, hugundua, hupatana na kukosana kurasa mia mbili, na mbona haimo hata moja, wala kumbe. Na nilipofika mwisho nilikuwa nimechoka bila kujua nimechoshwa na nini.

Kadhalika katika maamkizi. Mkubwa huamkiwa shikamoo, neno ambalo asili yake, wasemavyo wengi, ni kuishika miguu ya mtu kwa unyenyekevu, naye hujibu marahaba, yaani makaribisho ya Kiarabu. Na baada ya hapo huja habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na jibu la kila moja ni njema au salama. Wageni hushangaa, wengine huona ni unafiki, kwamba mtu mwenye mgonjwa ndani aseme habari ni njema. Siyo unafiki. Jibu la kwanza ni amani baina ya watu wawili, na likisha kupita, huja ila au lakini: "Njema, ila mtoto haamki vizuri." Mpangilio huo ukivunjwa, mtu akajibu maradhi pale pale mlangoni, msikilizaji hushtuka, kwa sababu amezoea kwamba habari ya namna hiyo isiyongoja zamu yake ni ya mauti.

Sasa yafaa tutazame imekuwaje hata Kiswahili sahihi kisicho Kiswahili kikaenea. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, aliketi na watu wa mji akasikiliza hekaya zao, akazipiga chapa mwaka 1870 kama walivyozisimulia, na mpaka leo mtu akizisoma husikia sauti ya msimulizi na hadhira yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pande za Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, aliandika juu ya desturi za Waswahili kitabu kilichotolewa Ujerumani mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten, na humo ndoa na maradhi na safari zimesemwa kwa kauli ya mtu aliyeyaona. Kisha ikaja haja ya shule na serikali. Ulifanywa mkutano Dar es Salaam mwaka 1925, na mwaka 1928 huko Mombasa Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ingawa Kimvita kilikuwa na watetezi wake na ushairi wa kina Muyaka bin Haji nyuma yake; na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Siwezi kuidharau kazi yake. Ilitupa tahajia moja, na kamusi iliyotoka mwaka 1939, matunda ya kazi ya Frederick Johnson aliyekuwa katibu wake wa kwanza, ingali mezani pangu ninapoandika. Lakini ilichukua miaka mingi kabla wenye lugha hawajapewa viti katika Kamati hiyo, na sehemu kubwa ya vitabu vilivyopewa watoto vilikuwa tafsiri za Kiingereza, baadhi yake zimefanywa na Johnson mwenyewe. Vilikuwa vitamu, nami nilivipenda. Walakini mtoto wa bara, asiyekuwa na bibi kibarazani, alijifunza humo sentensi ambazo kwanza zilifikiriwa London.

Wala sisemi kwamba tafsiri ndiyo adui. Shaaban Robert, ambaye katika ujana wake alikuwa karani wa forodha papo hapo Pangani, alizitafsiri rubai za Omar Khayyam kutoka Kiingereza, na wala Kiswahili chake hakikuugua. Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venice, iliyotoka mwaka 1969, hakumwita mfanyabiashara, wala tajiri. Aliiita Mabepari wa Venisi. Bepari ni neno lililotujia kutoka Bara Hindi, ambako ni mfanyabiashara tu, na hapo zamani hata kwetu lilikuwa na maana hiyo. Lakini kufikia wakati ule masikio ya Watanzania yalikuwa yamelizoea kuwa ni mtu anenepaye kwa jasho la mwenzake. Basi neno moja lilibeba zote mbili, biashara ya mle kitabuni na hukumu ya wakati wake, na kwa kulitia katika wingi aliwashirikisha wote waliomo, si yule mmoja wa jina la Kiingereza. Mfasiri wa namna hiyo hasafirishi maneno. Humwuliza mtu wa kwao angelisema jambo hilo vipi.

Linalonihuzunisha ni lingine. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja jirani yangu mjini Tanga aliniletea barua ya mwanawe aliye Uingereza, nimsomee, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamepungua nuru. Ilikuwa barua nzuri ya kijana mwema. Nikafika mahali alipoandika, "Mama, nimekukosa sana." Mama yule akaniinulia mkono nisiendelee. "Alikuja lini," akauliza, "akanikosa?" Nikaisoma tena barua moyoni, ndipo nikatambua kwamba kijana alikuwa ameandika Kiingereza kwa herufi na maneno ya Kiswahili. Nikamwambia, "Anasema ana hamu nawe, mama. Amekukumbuka." Akanyamaza kitambo, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Basi kwa nini hakusema?" Na mtu asidhani kwamba alitania. Mapenzi yalikuwamo katika barua ile, stempu ililipiwa, ikavuka bahari salama, ikakwama hatua moja kutoka kwa aliyekusudiwa.

Mengine ya jinsi hiyo husikika kila asubuhi. Husemwa "mwisho wa siku" na mtu ambaye hazungumzii magharibi wala usiku, na hali hatimaye, mwishowe na hata mwisho zipo zimekaa bure. Watu hufanya maamuzi, wala hawakati shauri. Mkutano unachukua nafasi, nami hujiuliza nafasi ya nani. Siyataji haya kwa kutaka lugha ifungwe kamba isitoke nje, maana Kiswahili hakijawahi kuwa cha kujifungia: Waarabu, Waajemi, Wahindi na Wareno wote wamo ndani yake, na bara nayo imetoa, kama neno ikulu tulilopata kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ambako ni makao ya mtemi. Lakini hayo yote yaliingia yakakaa kwa adabu za nyumba. Neno geni huja likapewa ngeli, likapewa kitenzi cha kuandamana nacho, likanyambuliwa, likazoeleka. Mazoea ya kigeni yakija yamevaa maneno yetu ndiyo yanayotutenga sisi kwa sisi, kwa sababu hapana anayeyashuku, na mama hasikii anachoambiwa na mwanawe.

Bibi wa Pangani hakunipa hata kanuni moja katika miaka mitatu niliyokaa pale. Nilikuwa nikisema, naye akilirudia lile nililolisema, lakini likiwa limekaa sawa, na mazungumzo yakaendelea kana kwamba hapana lililotokea. Niliposema kwamba yule mvuvi aliondoka, yeye alisema, "Ee, amekwenda zake." Niliposema kwamba kiza kilikuwa kikubwa sana, alisema, "Giza totoro." Mikono yake haikupumzika. Alizichukua chane za ukindu moja moja, nyingine amezitia rangi ya zambarau na nyingine ameziacha nyeupe, akazipitisha juu na chini pasipo kutazama, na ukili ukashuka mapajani mwake ukajikunja sakafuni, pima kwa pima, mpaka siku ya kuushona uwe mkeka. Nilijaribu siku moja kusuka nami. Chane zangu zilikuwa zile zile alizotumia yeye, nimezihesabu sawasawa, na mpango wake nilikuwa nimeuona kwa macho. Lakini ukili wangu ulitoka na matundu, na nilipouachia ukafumuka. Aliuchukua, akaufumua wote bila neno, akaanza upya, polepole, ili nimwone.

Nilihamishwa, nikaenda mikoa mingine, na kila nilipopita Tanga nilikwenda kumwamkia. Mwaka mmoja, nikiwa kazini mbali sana na pwani, ilipigwa simu ofisini kwamba bibi hayupo tena, na maziko yatakuwa kesho yake baada ya adhuhuri. Nikaingia kwa mkubwa wangu kuomba ruhusa. Akaniuliza, kama ilivyo haki yake, marehemu ni nani wangu, maana ruhusa hutolewa kwa baba na mama na ndugu wa tumbo moja, na karatasi ina mahali pa kuandika. Nilianza kueleza: mwenye nyumba niliyopanga, zamani, Pangani; nikaona maneno hayafiki popote. Nikanyamaza, kisha nikasema, "Nimefiwa, mzee."

Akainuka kitini, akazunguka meza, akanipa mkono, wala hakuniuliza tena.